Baba, Taa za Kijivu Zimewaka

Baba, shikamoo.

Najua huwezi kuitikia, lakini mkono umekataa kuanza bila kukuamkia. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa ile sauti yako ya kukwaruza, na Mama akauliza kutoka jikoni naongea na nani. Nikamwambia naongea na wewe. Wala hakushangaa. Amesema nikusalimie, na kwamba ana ujumbe wake kwako, ila atanipa mwishoni nikishamaliza maneno yangu, maana ananijua nilivyo na maneno mengi.

Nianze na habari unayoisubiri. Taa za Kijivu zimewaka. Zile mbili za mbele, na ile ya nyuma uliyoipenda kuliko zote. Lakini nusura Kijivu, trekta lako, lipande lori la vyuma chakavu, na sababu yenyewe ningekusimulia ukiwa hai ungecheka mpaka ukohoe, kisha ungemtafuta dada yako umseme.

Tangu tukuzike hapa nyuma ya nyumba, kwenye migomba ile ambayo Mama aliibeba miche yake kutoka Kanazi akiwa amenuna, mambo yamebadilika kidogo. Mvua za kwanza zilichelewa. Kuku wako mwekundu amehamia kwa jirani na hataki kurudi. Watoto wangu wameacha kuuliza babu anarudi lini, na siku walipoacha ndiyo siku niliyolia kuliko hata siku ya mazishi. Mimi bado nashona sare za shule mchana. Na kiti cha trekta kilikaa wazi, kimefunikwa gunia, tangu ulipoanza kuumwa.

Siku ya kumaliza matanga, ndugu walipokuwa bado wapo, Kaka Deo ndiye aliyefungua mjadala. Usimkasirikie. Amekuwa mtu wa Biharamulo mjini sasa, anaona vitu kwa macho ya mjini, na alisema kwa adabu. Alisema hapa Nyamigogo siku hizi kuna matrekta mapya, wateja wa mchana wote wameshahamia huko, na Kijivu betri imekufa, waya zimeliwa na panya, na vipuri vyake ni vya kuokota. Wanaonunua vyuma chakavu watapita siku ya gulio. Afadhali liondoke likiwa na heshima kuliko kuozea uani.

Watu wakatazama chini. Maana Deo alikuwa amesema kweli, Kijivu lilikuwa limebakiwa na kazi moja tu duniani, nayo ni ile yako ya alfajiri.

Baba, nimekaa nikaifikiria sana hiyo kazi yako. Nilipokuwa mdogo niliiona ya kawaida, nikidhani kila kijiji kina mtu anayeamka kabla ya jogoo mvua zikikaribia, anawasha trekta, anakwenda kuwalimia wajane bila kuombwa. Uliwalimia kwa taa, ukamaliza kabla jua halijachomoza, halafu ukarudi kunywa uji na kusubiri wateja wako. Nilikuuliza kwa nini usiwalimie mchana kama watu wengine. Ukasema, "Mchana una macho. Mtu akisaidiwa asitazamwe." Mama akakujibu palepale kwamba unaficha msaada wako kwa taa kubwa na muungurumo unaosikika mpaka ng'ambo ya bonde. Wewe ukasema, "Wanasikia, lakini hawaoni." Mkacheka wote wawili.

Na ulikuwa na utaratibu. Aliyefiwa karibuni ndiye wa kwanza. Hata kama shamba lake liko mwisho kabisa kule bondeni, ulilipita shamba la kila mtu ukaanzia kwake. Ulisema wengine wameshazoea kuamka peke yao, huyu bado hajazoea, basi asikie kitu mlangoni. Mama hapo ndipo alipokuchokoza kila msimu: "Na mimi shamba langu lini?" Nawe kila msimu ukamjibu, "Wewe una mume, subiri." Shamba la Mama lililimwa la mwisho miaka yote, mara nyingine magugu yameshaanza kumzoea.

Kwa hiyo siku ile ya matanga Mama ndiye aliyesema. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, hakuinua hata sauti. "Taa zake zikiwaka, likamaliza shamba moja la alfajiri bila kuzima, halitoki hapa. Zisipowaka, lichukueni, sitalia." Deo akakubali. Na kwa kuwa ana moyo mzuri ingawa ana mdomo wa mjini, akasema betri mpya ataileta yeye.

Sasa sikiliza alichofanya Shangazi Verediana.

Shangazi alibaki baada ya watu kuondoka, amfariji Mama. Unamjua dada yako tangu ajiunge na kikundi chake cha maombi, anaona shetani hata kwenye sufuria iliyoungua. Asubuhi moja, Mama akiwa shambani, alipita karibu na Kijivu, akainua gunia, akachungulia chini ya kiti. Tukasikia, "Yesu!" Tukakimbia tukidhani nyoka. Akatuonyesha kwa kidole, amejitenga kama anayeogopa kuambukizwa. Pale kwenye boliti ya bodi, karibu na betri, kulikuwa na kipande cha kitambaa chekundu, kimekazwa kwa fundo, kimeshika grisi na vumbi la miaka. "Kumbe kaka yangu alilifanyia dawa trekta!" Baba, nilitaka kucheka, lakini uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli. Aliona ndugu yake amekwenda kaburini na hirizi begani. Mimi sikuwahi kukuuliza kitambaa kile ni cha nini. Akakikata kwa kisu, akakinyunyizia maji ya baraka, akakichoma nyuma ya choo huku anaimba. Halafu akalala usingizi mzuri, akasema mzigo umeondoka.

Deo akaja na betri yake. Akafunga kama mafundi wote wa siku hizi wanavyofunga, ncha nyeusi ya betri kwenye chuma cha bodi, nyekundu kwenye njia ya umeme. Nani angefunga vinginevyo? Hata mimi niliyekaa kwenye kiti kile pamoja nawe msimu baada ya msimu nilimshikia spana, sikusema neno. Injini ikawaka mara moja, taa zikawaka, watoto wakapiga vigelegele. Alfajiri iliyofuata nikalipeleka kwenye kile kipande chetu cha mihogo kulijaribu, Deo, Shangazi na watoto wamesimama pembeni na makoti.

Nililima nikaenda, nikageuka, nikarudi. Halafu nikaona mwanga unapungua. Kwanza nikadhani ni ukungu. Nikakanyaga mafuta zaidi, maana nakumbuka ulivyonifundisha kwamba taa za dainamo zinakula pamoja na injini: ukipunguza mwendo zinakuwa njano kama kiini cha yai la kienyeji, ukiongeza zinakuwa nyeupe. Lakini safari hii niliongeza moto na taa zikazidi kufifia. Mshale wa chaji pale mbele yangu ulikuwa umelala upande usio wake. Zikawa nyekundu, zikawa kama sigara, zikazimika. Nikabaki gizani katikati ya shamba, injini inaunguruma bure. Deo akaja akaniwekea mkono begani, akasema, "Umejaribu, dada." Gulio lilikuwa kesho yake.

Fundi mmoja wa senta akashauri tufunge taa za pikipiki. Tungefunga, lakini bila dainamo kuchaji nazo zingekufa vilevile shamba halijaisha. Taa haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa umeme unakotoka, na jibu ulikuwa umeondoka nalo.

Nilikwenda nikakaa kwenye kiti chako mchana kutwa. Mashine ya kushonea niliiacha, wateja wakaondoka. Nikayakumbuka mambo mengi kwa pamoja. Nikakumbuka ulivyolikuta hili trekta, wakati tumehamia tu Nyamigogo kutafuta ardhi pana, limemezwa na nyasi nyuma ya ghala bovu la pamba, na yule mzee wa Kisukuma aliyekupa kwa sababu ulimfyekea shamba lake lote na kwa sababu, alisema, hakuwahi kuona mtu anamwonea huruma chuma. Ulivyolisafisha mpaka rangi ya kijivu ikarudi. Ulivyotueleza kwamba trekta za kwanza kabisa hazikuwa na taa, mkulima mwenye haraka alining'iniza taa ya mafuta, mtetemo ukavunja chemni, upepo ukamaliza kazi. Halafu mtu mmoja akafikiri kwamba injini inazunguka bure, kwa nini isizungushe na umeme. Ulimheshimu huyo mtu usiyemjua jina kama watu wengine wanavyomheshimu askofu. "Huyo alikuwa mkulima," ulisema. "Lakini aliyeongeza ya nyuma, huyo alikuwa mkulima kweli." Kwa sababu taa za mbele kwako zilikuwa za majivuno. Mbele unakujua unakokwenda, ulisema, kazi iko nyuma, jembe linapogusa udongo.

Nikakumbuka pia siku niliyorudi kutoka kwa mume, na mabegi na watoto na maneno. Hukuniuliza lolote. Alfajiri yake uliniamsha, ukanipandisha kwenye kiti hiki, ukasema, "Hasira nayo ina nguvu, ilime." Wanaume wakasimama barabarani kumtazama mwanamke anaendesha trekta, mmoja akauliza kama umekosa watoto wa kiume. Wewe ukamjibu kwamba unao, ila huyu ndiye anayenyoosha mfuo. Haikuwa kweli Baba, mfuo wangu siku ile ulikuwa kama njia ya mlevi. Lakini kuanzia hapo nilijitahidi iwe kweli. Kila nilicho nacho leo cha kunisimamisha wima kimetoka kwenye uongo wako ule mmoja.

Nikiwa nimekaa hapo Mama akaja na uji. Akatazama chini ya kiti, akauliza, "Kipande cha kanga yangu kiko wapi?"

Nikamwuliza kanga gani. Akasema ile nyekundu, uliyoichana upindo bila ruhusa siku ulipokuwa unafunga waya, naye akakununia wiki nzima, na ulipoulizwa kwa nini uharibu nguo ya mtu ukajibu jambo la kipuuzi. Nikamwambia, Mama, alijibu nini. Akafikiri. "Alisema, damu hukaa mwilini."

Baba! Nilimwaga uji. Maneno hayo nimeyasikia mara ngapi? Kila ulipofunga betri ulijisemea, "damu hukaa mwilini," nami nikadhani ni moja ya mizaha yako ya kujiburudisha. Nyekundu kwenye bodi! Kijivu ni la zamani, limezaliwa kinyume na magari ya siku hizi, ile nyekundu ndiyo inayofungwa mwilini na nyeusi ndiyo inayokwenda njiani. Kanga ya Mama ilikuwa alama ya kutukumbusha. Tulikuwa tumeifanyia maombi tukaichoma.

Nikageuza betri. Waya mmoja ulikuwa umeungua, nikaubadilisha. Nikakwangua kutu kwenye boliti ile mpaka ikang'aa. Betri ikapelekwa senta kujazwa. Deo alisimama anatazama, hakuwa na kiburi, akaenda mwenyewe kuwaambia wa vyuma chakavu wapite tu, wasisimame kwetu. Kisha nikafanya lile la mwisho, lile ulilofanya kila lilipolala muda mrefu. Kuitekenya dainamo, ikumbuke upande wake wa kuchaji. Nikachukua kipande cha waya, ncha moja kwenye betri, ncha nyingine nikaigusisha kidogo tu kwenye skrubu ndogo ya dainamo, kama unavyomgusa mtoto usingizini ajue upo. Cheche ikaruka. Nilisikia kabisa unaniambia, "Basi, usimwudhi." Nikawasha injini. Mshale ukatetemeka, ukainuka, ukaegemea upande wake.

Shangazi Verediana alipoelezwa alianza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na katikati ya kicheko akaanza kulia. Alisema, "Nimelia matanga yote nikidhani kaka yangu alikuwa na siri, kumbe siri yenyewe upindo wa kanga." Akafungua sanduku lake akatoa kanga yake nyekundu, mpya, akaichana upindo yeye mwenyewe, akaenda akaufunga kwenye boliti. Ufundi wa fundo ni wake, limekazwa kweli. Sitarajii shetani atapata pa kupita.

Mvua ya kwanza ilinyesha juzi usiku. Alfajiri ya jana nikaondoa gunia.

Nilijua nitaanzia kwa Bibi Adventina kule bondeni, maana msimu uliopita ulianzia kwake, na sikuwa nimesikia mwanamke mwingine aliyefiwa mwaka huu pande zetu. Uone nilivyo mjinga. Nikatoka uani taratibu, taa za njano. Nilipoongeza moto zikawa nyeupe, ukungu ukasimama mbele yangu kama shuka, na ndani ya ule mwanga nikaona watu. Bibi Adventina, mbele, na fimbo yake. Nyuma yake wenzake wote, wale uliowalimia, wamejitanda kanga, wengine wana majembe begani. Wamesimama kwenye ukingo wa shamba la Mama, wameziba njia ya kwenda bondeni.

Nikapunguza. Bibi Adventina hakusogea. Akanyoosha fimbo kwenye shamba la Mama, akasema, "Anzia hapa. Aliyefiwa karibuni ndiye wa kwanza."

Baba, nilikuwa nimemwita Mama mjane? Hapana, hata mara moja. Nilisema Mama amefiwa, Mama yuko peke yake, Mama halali. Neno lenyewe sikuwa nimelitamka, mpaka nilipolikuta limesimama mbele ya taa zako.

Mama alisikia muungurumo umepungua akatoka. Alikuja taratibu mpaka kwenye mwanga, akawatazama wenzake, akalitazama trekta, akatazama kiti ambacho si wewe uliyekikalia. Akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe zamu yenyewe ndiyo hii." Bibi Adventina akamshika mkono, akamwambia, "Karibu, mwanangu." Wakasimama pamoja pembeni.

Mimi nikawasha ya nyuma. Nilitaka kuona kazi, na pia sikutaka mtu aone uso wangu. Nikashusha jembe. Udongo wa Nyamigogo ukafunguka mweusi, una harufu ile unayoijua, na nililima shamba la Mama mfuo mmoja baada ya mwingine bila taa kutetereka, nikageuka kila mwisho, njano, nyeupe, njano, nyeupe. Halijawahi kulimwa mapema hivyo tangu aolewe. Jua lilipochomoza nilikuwa nimeshafika kwa Bibi Adventina, na wengine nitawamaliza wiki hii Mungu akipenda.

Basi Baba, mkono umechoka, nikuache upumzike. Kwaheri sitasema kwa sauti, tunaishi ua mmoja. Nakuahidi mambo mawili, na unijue mimi sisahau. Kila mvua za kwanza zikinyesha nitaiwasha ya nyuma kabla ya za mbele. Na binti yangu akifikisha miguu kwenye klachi, nitamfundisha damu inakokaa, na nitamweleza sababu, kitambaa kisibaki peke yake na siri.

Sasa Mama ameingia, amefuta mikono, amesimama nyuma yangu. Anasema nikuandikie hivihivi anavyosema, nisipambe.

Anasema: "Mwambie nimelimiwa. Wa kwanza. Mwambie lakini mimi nilipenda kusubiri."

Binti yako,
Speransia